Mkunga na Njia ya Pwani

Mtu akitupa chupa pwani ya Shella, hapa kwetu Malindi, miaka ile ya themanini, hakuwa na haja ya kumwogopa askari wa baraza la mji. Askari alikuwa na mambo yake. Wa kuogopwa alikuwa Mkunga. Nusu ya vijana wa mtaa walipokewa na mikono yake, naye hakuwaacha wasahau hata siku moja. Nilimsikia kwa masikio yangu akimsimamisha mwanamume mzima, mwenye masharubu na watoto nyumbani.

"Wewe! Hiyo chupa umeiacha wapi?"

"Imeanguka, bibi."

"Imeanguka! Hata wewe ulianguka, na mimi niliinama nikakuokota. Inama nawe uokote."

Akainama. Wote waliinama. Ungefanyaje na mtu aliyekuona uchi kabla mamako hajakuona?

Mimi nililetwa Malindi na ndoa. Kwetu ni Amu, kisiwani Lamu, na watu wa Amu hatupendi kuamrishwa na wenyeji wa mahali pengine. Twaona tumeshafundwa vya kutosha. Kwa hiyo siku ya kwanza Mkunga aliponigongea mlango, Jumamosi, sala ya alfajiri ndiyo kwanza imekwisha, akanitia mkononi fagio la chelewa, njiti za makuti, bila hata kuniuliza nimelalaje, nilimwambia kwamba mimi si mfagizi. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. "Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuletea fagio jipya, lisilokuwa na tabu." Nilitoka nimenuna. Nimefagia naye mpaka macho yake yalipokwisha, na miaka mingi katika hiyo nilikuwa bado nimenuna.

Hatukuwa chama. Tulikuwa wanawake tu, wengine wa Shella wenye buibui na wengine wa mtaa wa Barani waliokuja na leso zao mbili mbili, wakitembea kwa kundi na kucheka tangu mbali. Kila mmoja na fagio lake, pakacha lake au gunia. Wakati fulani bwana mmoja wa siasa alisikia habari zetu akaja kutushauri tuandikishwe, tuwe na mwenyekiti, tuwe na picha katika gazeti. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Kisha akamwambia, "Baba, mwenye kiti hukaa. Mimi nataka wa kuinama." Yule bwana aliondoka na sisi tukabaki bila jina mpaka mwisho.

Tuliokota kila kitu: vigae vya chupa za soda, mikebe ya maziwa, betri za tochi, malapa yaliyokatika, vipande vya nyavu, na mifuko ya nailoni ambayo kila mwaka ilizidi. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki ulituletea matope na mabua na magogo, na maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Hayo Mkunga hakuyahesabu kuwa taka. Mto umeleta chake, alisema, na bahari itakitafutia mahali. Taka kwake ilikuwa ni kile ambacho mtu alikuwa nacho mkononi akakiachilia.

Na alitaka tufagie hasa, si kuokota tu. Tufagie kama uani siku ya kuamkia harusi, mistari ya chelewa ionekane mchangani, yote imelala upande mmoja. Mimi niliona huo ni wazimu. Siku moja uvumilivu ulinishinda nikamwambia, "Mkunga, baada ya saa chache maji yatajaa, yataifuta mistari yote. Twafagia kwa faida gani?"

"Jana ulipika?"

"Nilipika."

"Kikaliwa kikaisha?"

"Kikaisha."

"Basi leo usipike."

Nikainama nikafagia.

Iko habari moja staha yataka niipite, lakini nikiipita sitakuwa nimemweleza alivyo. Wanaume wa mtaa, baadhi yao, walikuwa na desturi ya kwenda pwani alfajiri kwa haja ambayo vyoo vya nyumbani viliwekwa kwa ajili yake. Baraza la mji lilipiga marufuku, imamu akaisema msikitini, wapi! Mkunga hakupiga marufuku. Alimwendea mtu pale pale alipochuchumaa, akasimama mbali kidogo, akageuza uso kwa adabu, akaanza kumwamkia. Habari za asubuhi? Mama hajambo? Mke je? Yule mdogo, kikohozi kimepoa? Na kuku wale? Nanyi mwajua watu wa pwani tulivyo, mtu mzima akikuamkia huwezi kukaa kimya. Ilibidi aitike. "Shikamoo, bibi. Hajambo, bibi. Kimepoa, alhamdulillahi." Mkunga alikuwa na habari nyingi za kuuliza na hakuwa na haraka hata kidogo. Hapana mwanamume aliyerudia mara ya pili, na wake zao walimletea Mkunga mahamri.

Msidhani alikuwa malaika. Alikula tambuu kutwa, na alitema popote, mchangani mle mle tulimofagia, mate mekundu. Nilipomwonyesha kwa kidole aliniambia kwamba tambuu ni majani na chokaa na vyote vimetoka ardhini. Nikamwambia na kioo pia hutengenezwa kwa mchanga, nilivyofunzwa skuli. Kesho yake alitema pale pale. Na nyumbani kwake! Kinyozi hajinyoi. Ua wake ulijaa chupa nzima nzima alizookota, mikebe, ndoo zisizo na vishikio, kamba, maboya ya nyavu, vyote akivingojea siku vitakapofaa. Ungeingia kumwomba dawa ya mtoto ungevuka jaa kwanza. Alikuwa pia mchoyo wa sifa. Ukifagia vizuri alikwambia, "Leo umeonekana," na hiyo ilikuwa zawadi ya mwaka.

Kwa nini alijitia tabu ile? Watu walidhani ni usafi tu. Haikuwa usafi. Ilikuwa ni njia.

Kutoka Shella kushuka pwani palikuwa na njia moja nyembamba, inayopita ubavuni mwa jumba kubwa. Kwa njia hiyo wavuvi walipandisha samaki, watoto walishuka kuogelea, na sisi wanawake tulikwenda kukoga mwaka asubuhi ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili. Lakini kwa Mkunga njia hiyo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Kila mzazi aliyemzalisha, siku ya kutoka arubaini, alimshika mkono akamshusha pwani, akamkanyagisha maji ya chumvi, naye mtoto akapakwa maji hayo kidogo kwenye nyayo. Hakusema ni dawa wala si dawa. Alisema mzazi amekaa ndani siku nyingi akitazama ukuta, na kitu cha kwanza anachotakiwa kukiona ni mahali pasipo na ukuta. Nilishushwa nami, nikiwa na mwanangu wa kwanza, sina mama karibu, sina dada, nimechoka na nimekonda. Nilipokanyaga yale maji nililia kwa nguvu, na Mkunga aliangalia upande mwingine mpaka nikamaliza. Siku hiyo nilianza kumpenda, ingawa sikumwambia.

Sasa jumba lile likanunuliwa na tajiri mpya, na mgeni wake mmoja akakatwa na kigae cha chupa mguuni. Mwenye jumba alikwenda kwa baraza la mji akitaka njia izibwe. Watu wa mtaa, alisema, ndio wanaotupa chupa. Wakikosa njia pwani itakuwa safi. Tuliitwa mkutanoni. Wanaume wetu walizungumza kwa hasira, kila mmoja akitaja babu yake, na karani wa baraza, kijana mpole mwenye kalamu mfukoni, alianza kuchoka. Ndipo Mkunga akasimama.

"Mwanangu karani, huyu bwana asema njia yaleta vigae. Je, pwani isipokuwa na vigae?"

"Isipokuwa na vigae, bibi, hakutakuwa na mashtaka."

"Basi haitakuwa navyo. Ukisikia mtu amekatwa tena, uje uizibe mwenyewe, sitatia neno."

Wanaume walimjia juu: nani amemtuma kuweka ahadi hiyo? Mimi pia nilimwona amejitia kitanzi. Pwani ni ndefu, watu ni wengi, na kigae kimoja chatosha. Lakini karani alikubali, na tangu hapo kila Jumamosi tulijua tunafagia nini. Tukilala, njia yaenda.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi wa Shella peke yetu hatukuweza. Nguvu yetu ilikuwa wanawake wa Barani, na aliyewaleta ni Kadzo, mwanamke wa Kigiriama, mrefu, mpole, ambaye Mkunga alimzalisha watoto wake wote. Kwa hiyo mtaona ukubwa wa kosa ninalolieleza sasa.

Asubuhi moja Mkunga alitutangulia pwani. Chini ya mwamba alikuta chano, ile sinia ya mti, imepangwa vizuri: mayai, halua, kichupa cha marashi, ubani, na kitambaa chekundu kimetandazwa juu. Hakuna asiyejua hicho ni nini. Ni sadaka ya pepo, mgonjwa amewekewa na mganga. Mkunga alikuwa mtu wa sala zake tano na hakuwa na subira na mambo ya pepo hata kidogo. Alikizoa chano chote akakitia guniani pamoja na malapa na mikebe. Tulipofika alitusimulia akicheka. "Leo nimemnyima shetani kifungua kinywa. Naye ajifunze kutotupa taka." Tulicheka sote. Na kwa bahati mbaya wakati huo huo watu wa Barani walikuwa wanashuka njiani.

Kadzo alitazama chini ya mwamba, kisha akalitazama gunia. Alikwenda akalifungua, akatoa kile kitambaa chekundu, akakikung'uta mchanga.

"Mkunga, hii si taka," akasema. "Hii ni ya mwanangu."

Binti yake, yule mkubwa, alikuwa amelala majuma mengi, mwili umemvimba, hospitali wakimpa dawa na dawa. Mkunga alijua kuwa anaumwa. Hakujua kuwa chano ni chake. Maji yakimwagika hayazoleki. Kadzo aliliweka fagio lake chini taratibu, akapanda njia, na wenzake wote wakamfuata.

Jumamosi iliyofuata hawakuja. Wala ile nyingine. Tulifagia wachache mpaka viuno vikatukatika na bado nusu ya pwani hatukuifikia, na upande ule vigae vilimeta juani kana kwamba vinatucheka. Mwenye jumba alikuwa akisimama ukutani kwake akitazama, mikono nyuma. Nilimwambia Mkunga lazima aende Barani kuomba radhi. Alinijibu kwamba yeye haombi radhi kwa ajili ya mashetani. Nikamwambia, kwa hasira na kwa lafudhi yetu ya Amu inayozidi hasira ikija, basi wazazi anaowazalisha atawapeleka wakakanyage maji ya beseni. Nilidhani atanipiga.

Kesho yake alikuja mlangoni amebeba kikapu. "Vaa. Wewe utabeba."

Ndani ya kikapu mlikuwa na mayai, halua, marashi, ubani, na kitambaa chekundu kipya. Njia nzima mpaka Barani alinung'unika: waganga ni wezi, pepo ni upuuzi, halua ile ni bora wangekula watoto. Alikuwa bado ananung'unika tulipofika uani kwa Kadzo. Tukakaribishwa, tukapewa mkeka, tukapewa maji.

"Kadzo," Mkunga akasema, "maneno haya sikuyazoea, kwa hivyo yatatoka vibaya. Mtoto huyu nilimpokea kwa mkono huu. Kisha kwa mkono huu huu nikatupa kitu chake na nikacheka. Nisamehe."

"Mayo," Kadzo akasema, akimwita mama kwa Kigiriama, "wewe huyaamini mambo haya."

"Siyaamini, na Mungu anijua. Lakini sikuja kwa pepo. Nimekuja kwako."

Kadzo alikivuta kikapu kwake, akatoa yai moja moja akiyatazama, akatabasamu kidogo. "Marashi haya ni ya ghali," akasema. Nami nikajua ugomvi umekwisha.

Walipokwenda kuweka chano upya, Mkunga alikaa kichwani mwa njia na mgongo wake kaupa bahari, ili asione asichotaka kukiona, na ili asipite mtu kuwasumbua. Tangu siku hiyo ikawa kanuni yetu: chano hakiguswi, kitachukuliwa na maji yenyewe. Binti alipona. Kadzo alisema ni chano, Mkunga alisema ni sindano na dua, na hawakugombana juu ya hilo. Nimewajua watu wengi wenye imani kali, lakini aliyeweza kubaki na imani yake yote na bado akanunua mayai, ni yeye tu niliyemwona.

Miaka ikaenda. Mtoto wa jicho akamshika Mkunga macho yote mawili, akaacha kuzalisha, na Jumamosi tukawa tunamketisha juu, kichwani mwa njia, huku sisi tukifagia na yeye akitukosoa kwa kusikiliza sauti ya mafagio. Sasa nitaeleza mara ya mwisho niliyokuwa naye pwani.

Tulipata habari kwamba mwenye jumba amemwita karani aje kukagua, tena siku ya kazi, si Jumamosi, makusudi, siku ambayo hatufagii. Habari ilinifikia asubuhi hiyo hiyo. Nilikimbia. Nilipofika chini nilimkuta Mkunga ameshatangulia, peke yake, na bakora. Alikuwa amevua viatu. Alikuwa akitembea hatua fupi fupi, akipapasa mchanga kwa nyayo zake kabla ya kutia uzito, kutoka mwisho wa njia mpaka mwambani, akirudi, akisogea kidogo, akienda tena.

"Mkunga, utajikata!"

"Macho yamekwisha, miguu ipo. Wewe una macho, shika ule upande."

Niliokota nilivyoweza, vigae vichache nikavitia katika leso yangu. Hatukuwa tumemaliza tulipowasikia wanashuka. Karani, sasa mtu mzima mwenye kitambi, na nyuma yake mwenye jumba, ambaye alisimama palipoishia ngazi zake. Mkunga alikuwa amesimama pale njia inapokutana na mchanga, ameegemea bakora yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi. Twakagua."

"Marahaba, mwanangu. Kagua. Lakini kigae hakionekani kwa macho, kipo chini ya mchanga. Vua viatu."

Karani alicheka, akamtazama mwenye jumba, kisha akavua. Akakunja suruali. Alitembea mpaka mwambani na kurudi, akikanyaga kwa uoga mwanzoni, halafu kama mtu aliyekumbuka utoto wake. Muda wote huo Mkunga hakuondoka pale aliposimama. Nilidhani amechoka. Uso wake ulikuwa umetulia, ila jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Ni safi," karani akasema. Akamgeukia mwenye jumba. "Sina cha kuandika hapa, bwana." Wakapanda.

"Wameshafika juu?" Mkunga akaniuliza.

"Wamefika."

"Wameipita kona?"

"Wameipita, bibi."

Ndipo alipouinua mguu wake wa kulia. Kitako cha chupa, kijani, kilikuwa kimeingia katika unyayo, na mchanga chini yake ulikuwa mwekundu. Alikuwa amekikanyaga walipokuwa wanashuka, na angeinama kukiokota wangekiona. Basi alikisimamia.

Nilikaa mchangani nikauweka mguu wake pajani mwangu, nikakichomoa, nikaufunga kwa leso yangu ya pili. Nililia, na safari hii nilimwambia ninavyompenda, nikamwambia yote, kwa sauti, kama mtoto. Yeye aliniwekea mkono kichwani na kuniambia nisipige kelele, watarudi.

Njia ile haikuzibwa.